Giaboksi ya gari la familia inateleza ikipata moto, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa gia za otomatiki.

Nina gari dogo la abiria la viti saba, la mwaka 2006, lililotembea kilomita 214,000. Asubuhi likiwa la baridi linakwenda vizuri kabisa. Baada ya kama dakika ishirini, likitoka gia ya pili kwenda ya tatu, mshale wa raundi unapanda ghafla, gari halivuti, kisha gia inaingia kwa kishindo. Rivasi nayo inachelewa sekunde mbili tatu. Ndilo linalobeba watoto, kwa hiyo nalisikiliza kwa hofu kila siku.

Oili ya gia ilikuwa ya kahawia na inanuka kuungua. Fundi alifungua sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi), akabadilisha filta na kuweka oili ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Kwenye sumaku kulikuwa na tope la kijivu, vipande vya chuma hakuna. Lilitulia wiki mbili, tatizo likarudi. Kipimo cha kompyuta kimetoa kodi ya hitilafu P0730, yaani uwiano wa gia si sahihi, lakini hakisemi chanzo.

Fundi anataka kushusha giaboksi yote. Mimi naona ni mapema. Je, nianze na kipimo cha presha ya oili na solenoidi (vali za umeme zinazoelekeza oili ndani ya giaboksi), au dalili hizi tayari ni klachi za ndani (sahani zinazoshika gia) zilizokwisha? Na je, kuendelea kuliendesha kwa sasa kutaongeza uharibifu?