Ushauri: Nauziwa ramani ya 1856 yenye ziwa moja tu. Ninunue?

Mtaka Ramani: Wakuu, habari za usiku. Kuna jamaa ananiuzia ramani ya Afrika Mashariki ya 1856. Pale penye Victoria, Tanganyika na Nyasa limechorwa ziwa moja kubwa, limejikunja kama konokono asiye na gamba. Je, kosa hilo haliishushii thamani? Usingizi hauji.

Binti Rabai: Kosa ndilo linaloipa bei. Ni ramani ya wamisionari wa Rabai, karibu na Mombasa, Erhardt na Rebmann. Erhardt alikaa Tanga akiwahoji watu wa misafara. Wa njia ya kaskazini walifika kwenye maji makubwa, wa kati vilevile, wa kusini vilevile. Wote walisema kweli, yeye akaunganisha maji yote yakawa bahari moja. 1857 wapelelezi Burton na Speke wakaingia bara kuhakiki.

Mmachame: Rebmann huyohuyo aliona theluji Kilimanjaro 1848, mwanajiografia Cooley akambishia akiwa London! Babu yangu alipandisha wageni miaka mingi, vidole viwili vya mguu viliondoka na theluji hiyohiyo.

Mama Wawili: Bei gani? Na pesa unayo?

Mtaka Ramani: Milioni moja na laki mbili. Pesa ipo.

Mama Wawili: Ipo ya nani?

Mtaka Ramani: Ya kikoba, mimi ndiye mweka hazina. Laki nne nimeshampa advansi asije akamuuzia mwingine. Msinihukumu, tunavunja kikoba Desemba, nitakuwa nimeshamuuzia mtalii na faida nitawagawia.

Mama Wawili: Amana ya watu haichezewi. Shemeji yangu alianza hivyohivyo, leo hasalimiani na mtaa mzima.

Binti Rabai: Tuandikie majina yaliyomo ziwani.

Mtaka Ramani: Katikati "Uniamesi", juu "Victoria Nyanza". Karatasi ya njano, inanuka uzee kabisa.

Binti Rabai: Speke alilifikia Agosti 1858, ndipo akalipa jina la malkia. Ramani ya 1856 ililipata wapi?

Mtaka Ramani: Labda mwenyewe wa zamani aliongezea kwa kalamu.

Binti Rabai: Herufi zimefanana na nyingine?

Mtaka Ramani: Zimefanana.

Binti Rabai: Basi zimechapwa pamoja. Weka kioo cha kukuzia. Ukiona vidoti vya rangi vimejipanga, hiyo ni ya mashine ya juzi.

Kijiwe Nongwa: Huyu anatupanga. Kesho ataleta namba ya "muuzaji", anatafuta wateja humu.

Mtaka Ramani: Siuzi, ndugu yangu. Picha nitaweka nikifika nyumbani.

Kijiwe Nongwa: Si ulisema usingizi hauji? Sasa uko wapi?

Mtaka Ramani: Niko dukani kwake. Anataka laki nane zilizobaki usiku huuhuu.

Mama Wawili: Toka hapo, mwanangu.

Mmachame: Kwanza akuandikie risiti ya hizo laki nne, aweke na sahihi.