Watu wa mwaloni wananirudishia vikopo vitupu. Naomba ushauri

Binti_Buliisa:
Salaam wote. Ni msaidizi wa utafiti katika timu iliyotoka Kampala, tunachunguza kichocho kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Albert. Nilichukuliwa kwa ajili ya Kiswahili, maana hapa Mgungu, Mualur na Mkongomani hukutania kwenye lugha hiyo.

Jioni nagawa vikopo, asubuhi navikusanya vikiwa na choo ili mayai ya minyoo yahesabiwe kwa hadubini. Juzi niligawa 40, vikarudi 6. Mama mmoja anayeanika muziri (samaki wadogo wa ziwani) alinirudishia kikopo kitupu, akasema: "Mwanangu, wenzako walikuja mwaka juzi, wakachukua damu na choo cha watoto wangu wanne. Hadi leo sijui walikuta nini." Nimeulizia, ni kweli. Timu ile haikurudi.

Kiongozi wetu anataka tuongeze uhamasishaji, na kila kikopo kilipwe kipande cha sabuni. Moyo wangu umekataa. Nimwambie nini? Na kwa watu nianzie wapi?

VHT_wa_Ziwani:
Pole dada. Mimi ni VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, mwalo wa jirani. Asubuhi unayopita wewe ndiyo saa mitumbwi inarudi. Nani ataacha samaki akusikilize? Mwone mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), uwaone wazee wa mitumbwi, halafu kaa na wanawake wa samaki peke yao, saa tisa alasiri, kazi ikishapungua. Wao na watoto wao ndio wanaoshinda majini, lakini kikao kikiitishwa wanakaa nyuma na kunyamaza.

Tena, tangu msako wa nyavu haramu ulipopamba moto mwaka 2017, mgeni mwenye daftari anatisha. Kabla hujaandika jina la mtu, mweleze orodha inakwenda wapi, na nani hataiona.

Nubi_wa_Bombo:
Naongeza la lugha. Kiswahili ni cha nyumbani kwangu, nakipenda, lakini Waganda wengi kiliwafikia na buti la askari. Ukimwambia mtu "tunafanya utafiti", anaweza kusikia "upelelezi". Anza na salamu ya Kigungu au Kialur hata kama unajua maneno matatu tu. Kiswahili kije baadaye.

Msomi_K:
Tuwe wakweli. Utafiti una muda na bajeti, na mvuvi hawezi kuulizwa swali la utafiti liwe lipi. Idadi ya mayai haibadiliki kwa sababu mmefanya kikao.

Muuguzi_Mstaafu:
Mwanangu Msomi, nakujibu kwa niliyoyaona. Ugawaji wa praziquantel, dawa ya kichocho, ulipoanza nchini mwaka 2003 nilikuwamo. Tulipima kimo cha mtu kwa mti wenye alama ili tujue vidonge vingapi. Watu walimeza tumbo tupu, wakatapika, mwaka uliofuata wakajificha. Sisi tukaandika kwenye ripoti kwamba jamii haina uelewa. Akina mama ndio waliotuambia: leteni dawa watu wakishakula. Tukafanya hivyo, kichefuchefu kikapungua, watu wakarudi.

Waliniuliza pia kwa nini dawa "haifanyi kazi". Ile dawa inaua minyoo iliyokomaa, michanga inabaki, na kesho yake mtu yuko tena kwenye maji yenye konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Kwa hiyo walikuwa wameona sawasawa. Lile lilikuwa swali la utafiti, na lilitoka kwa wavuvi.

Mjumbe_wa_Kamati:
Nipo kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Msomi, idadi ya mayai haibadiliki, lakini choo cha watu 6 kati ya 40 si picha ya mwalo. Waliokataa huenda ndio wanaoingia majini zaidi.

Mnakumbuka majaribio ya dawa ya kuzuia VVU yaliyofungwa Cambodia mwaka 2004 na Cameroon mwaka 2005? Sayansi ilikuwa tayari, ila watu waliona hawakushirikishwa. Baada ya hapo UNAIDS (shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI) na AVAC (shirika linalotetea kinga ya VVU) walitoa mwongozo wa ushirikishwaji mwema, 2007, wakaurekebisha 2011.

Binti, mwambie kiongozi wako kwamba sabuni ni badiliko la itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioidhinishwa. Lazima kamati iidhinishe badiliko hilo kabla hamjagawa hata kipande kimoja. Na mkiandika ombi, ombeni pia fungu la kurudisha majibu mwaloni.

Binti_Buliisa:
Nimerudi baada ya wiki tatu. Kiongozi alikasirika kwanza, kisha akasoma hoja ya 6 kati ya 40 na kunyamaza. Sabuni imeachwa. Ombi la fungu la majibu limekwenda kwenye kamati.

Nilikaa na wanawake saa tisa, watu 19. Hawakuuliza habari za mayai. Waliuliza vyoo vichimbwe wapi, kwa sababu mchanga unaporomoka, na maji ya mwaka 2020 yalimeza vile vilivyokuwepo. Swali hilo halikuwamo kwenye dodoso letu. Sasa limo, na wamechagua wenzao watano watakaosoma maswali pamoja nasi kabla hayajatumika.

Yule mama ni mmoja wao. Kikopo bado hajakubali, na sijamwomba tena. Anachotaka ni majibu ya watoto wake. Timu ile nitaipataje?

Mjumbe_wa_Kamati:
Fomu ya ridhaa aliyoachiwa huwa na jina na simu ya kamati iliyoidhinisha. Muulize kama anayo. Iandikieni kamati hiyo, naye atie saini yake.

Binti_Buliisa:
Anayo. Ameihifadhi kwenye mfuko mmoja na kadi za chanjo za watoto. Kesho saa tisa tunaandika barua.