Theluji ya Kibo naijua, ya Ulaya siijui, naombeni msaada

Mgumu_wa_Machame: Wakuu habari za jioni. Nipo Moshi, napandisha wageni Kilimanjaro mwaka wa tisa sasa, nilianza kubeba mizigo mpaka nikapata leseni. Kuna mgeni wangu Mfaransa tumekuwa marafiki, kanialika Februari Chamonix kule Ufaransa na anataka twende milimani na skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, nje ya zile njia zinazosawazishwa na mashine, yani mnapanda wenyewe alafu mnashuka. Kuteleza atanifundisha, hofu yangu ni maporomoko ya theluji. Nimekanyaga sana theluji pale Stella Point karibu na kilele cha Kibo, kuna Aprili moja ilitufika magotini, ila sijawahi kuona inaporomoka. Mtu anaangaliaje mteremko akajua huu unapitika huu haupitiki? Mke wangu hapati usingizi, nataka nimjibu kitu cha kweli.

Binti_Kibosho: Kaka, mimi nipo Innsbruck, Austria, mwaka wa sita. Kibo iweke pembeni kwanza. Huku theluji inakaa miezi, inalaliana tabaka juu ya tabaka, na ile nyembamba ya mwanzo wa msimu ikipigwa na baridi kali inageuka punje punje, haishikani, alafu inakuja nzito inalala juu yake. Mwaga sukari mezani, weka sinia juu, inua meza upande mmoja taratibu uone. Mwalimu wetu alichimba shimo akanipa ile ya chini nikaifinya, haikufinyangika kabisa, ikapita katikati ya vidole kama mchanga.

Maporomoko mengi yanaanzia kwenye mteremko wa digrii 30 mpaka 45, simu yako inapima. Ila hata ukiwa sehemu ya tambarare kama juu yako kuna mkali yanakufikia hapo hapo. Ogopa theluji mpya nyingi, ogopa upande ambao upepo umeirundika, na joto likipanda ghafla. Na ukikanyaga ukasikia mlio mzito chini kama kitu kimeshuka, vuuum, au ufa ukakimbia mbele ya skii, geuza muda huo huo usimsubiri mtu.

Mzee_wa_Umbwe: Kijana, Januari 2006 mawe yaliua Wamarekani watatu pale Western Breach, njia mojawapo ya kupanda Kibo, barafu iliyokuwa imeyashikilia iliyeyuka. Ndo maana pale tunapita mapema kabla jua halijagusa ukuta, saa ni kila kitu, na naona huko pia ni hivyo. Lingine, safari hii mgeni ni wewe. Nilikuwa na mgeni Barafu Camp alitapika usiku kucha akanificha, kisa kalipa hela nyingi na hakutaka kuniangusha, tukamshusha kwa machela. Usije ukamnyamazia mwenyeji wako kwa heshima. Roho ikikataa sema turudi.

Binti_Kibosho: Shikamoo mzee, umesema kweli tupu, maana huku karibu mara tisa kati ya kumi aliyefunikwa, poromoko kaliangusha mwenyewe au mwenzake kaliangusha. Kaka, kila asubuhi someni taarifa ya hatari, inatoka namba 1 mpaka 5. Watu wakiona 3 wanasema ni katikati tu, na 3 ndo inaua wengi. Kila mtu awe na vitu vitatu, kile kifaa cha kurusha mawimbi umevaa mwilini kimewashwa, fimbo ndefu ya kuchoma kwenye theluji kumtafuta aliyefunikwa, na koleo. Mtu akifunikwa mna kama dakika 10, helikopta haiwahi, mnamchimba nyie. Na mnapita mmoja mmoja, wengine wanaangalia. Ila kujifunza skii na kutoka nje ya njia wiki hiyo hiyo hapana jamani.

Mgumu_wa_Machame: Shikamoo mzee, asante dada. Nimeongea naye sasa hivi, amekubali wiki ya kwanza tubaki kwenye njia zilizotengenezwa na siku moja nzima tufanye mazoezi ya kutafuta kifaa kilichofukiwa. Mke wangu alikuwa anasikiliza, kauliza koleo ni la chuma au plastiki, nikamwambia nitahakikisha la chuma. Alafu nimepima bati la nyumba yetu kwa simu, limesoma digrii 24, nikaenda kupima paa la kanisa likasoma 33. Nilidhani 30 ni ukuta kabisa, kumbe ni lile paa ambalo mafundi wanatembea juu yake.