Klebsiella haiishi wodi ya watoto wachanga, na deki ya JIK tunapiga kila siku

Muuguzi_Zamu: Wakuu, ndani ya wiki 2 damu za watoto wachanga 4 zimeoteshwa zikatoa bakteria Klebsiella, zote sugu kwa antibiotiki za seftriaksoni na jentamaisini. Tunapiga deki asubuhi na jioni, kikombe kimoja cha JIK ya 3.5% kwenye ndoo ya lita 10. Tunakosea wapi?

Maabara_Bakteria: Sakafu iacheni kwanza. Watoto 4, bakteria yuleyule, usugu uleule, tena kwenye damu: tafuteni kimiminika wanachochangia. Anzeni na chupa ya normal saline (maji ya chumvi ya dripu) ya kusukumia kanula, ule mrija wa kwenye mshipa. Kama ina sindano iliyoachwa imechomekwa ili kila zamu ivute, iondoeni leo, ila msiimwage; ileteni maabara tuioteshe. Dekstrosi (dripu ya sukari) iliyofunguliwa ni hatari zaidi, maana Klebsiella huzaana humo kwenye joto la kawaida la chumba. Kisha angalieni maji ya chupa za kunyevushia oksijeni na mipira ya kufyonzea makohozi. Sampuli zichukuliwe KABLA ya kusafisha.

Afya_Mazingira: Kuhusu JIK, kikombe kipi? Hata kikiwa cha ml 250, mnapata chini ya 0.1% ya klorini, ile dawa iliyomo kwenye JIK. Kwa 0.1% changanyeni sehemu 1 ya JIK na 34 za maji, yaani karibu ml 290 kwenye ndoo ya lita 10. Damu ikimwagika tumieni 0.5%: sehemu 1 ya JIK kwa 6 za maji. Osheni kwa sabuni kwanza, kwa sababu uchafu hula klorini kabla haijafika kwa bakteria. Acheni eneo likiwa limelowa JIK kwa dakika 10. Mchanganyiko wa jana umwagwe. Inkubeta (kisanduku cha kumpa mtoto joto) msiifute kwa spiriti, plastiki yake hupasuka, na mle ndani ya nyufa hapasafishiki tena.

Maabara_Bakteria: Naongezea sinki. Mabaki ya dripu na maziwa yasimwagwe kwenye sinki la kunawia mikono. Yanalisha bakteria walio kwenye bomba la kutolea maji, na maji yakirushwa yanawarudisha juu. Dawa zisichanganywe karibu na hapo.

Muuguzi_Zamu: Saline ya ml 500 ipo juu ya toroli na sindano imo. Ampuli za ml 10 zimeisha stoo, tufanyeje?

Maabara_Bakteria: Chupa ya ml 100 kwa mtoto mmoja tu, iandikwe jina lake na saa ya kufunguliwa. Mpira wa kifuniko upanguswe kwa spiriti na uachwe ukauke, sindano na bomba lake la kuvutia vipya kila mnapovuta, na chupa isilale hadi kesho.