Kipindi cha vichekesho vya baiskeli: mbio za mizigo, kijiwe cha fundi au maswali ya taa? Naomba ushauri

Pedeli_Jinja (mwanzisha mada)

Habari zenu ndugu na dada. Tuko wanne hapa Jinja, kwa miaka miwili tumekuwa tukirekodi vichekesho vifupi kwa simu. Sasa kituo kimoja cha televisheni kimekubali kusikiliza wazo letu la kipindi cha nusu saa, kwa Kiswahili, kuhusu baiskeli. Wanataka wazo moja tu. Sisi tunayo matatu na tumebishana mpaka koo zimekauka.

La kwanza ni mbio za mizigo. Timu nne za watu wawiliwawili, kila timu na Roadmaster moja, ile nyeusi ya breki za vyuma. Safari ni ya vipande: Mutukula, Masaka, mstari wa ikweta pale Kayabwe, Kampala, Jinja, mpaka Busia. Kama kilomita 400 hivi. Kila kipindi na mzigo wake: mikungu ya matoke, godoro, kuku hai kwenye tenga, trei za mayai katikati ya Kampala saa ya foleni. Anayeshinda ni aliyefika na mzigo mzima, hata kama amefika wa mwisho.

La pili, kijiwe cha fundi. Mwembe mmoja, fundi mmoja, karai la maji la kutafutia pancha. Kila anayeleta baiskeli ana shida nyingine nyumbani, na inatokea palepale chini ya mti.

La tatu, maswali ya taa. Tuko studio, washindani wamekaa kwenye baiskeli zilizofungwa jenereta, na taa inayommulika kila mmoja inawashwa na miguu yake mwenyewe. Akisimama ili afikirie jibu, giza. Mtu wa kawaida anaweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu, kwa hiyo balbu chache za LED haziwezi kutushinda.

Mimi moyo wangu uko kwenye mbio. Nipeni maoni.

---

Keria_ya_Busia

Mbio, ndugu yangu. Na msisahau abiria, maana hapo ndipo kicheko kilipo.

Nimebeba watu hapa mpakani miaka tisa. Hii kazi yenyewe ilizaliwa huku, kwenye miaka ya 1960, vijana wakivusha watu kati ya Uganda na Kenya na kuita "boda, boda!" Baadaye pikipiki zikachukua jina, lakini jina ni la baiskeli. Hilo kipindi kiliseme wazi.

Abiria wa baiskeli ni mzigo unaoongea. Mama anakaa upande upande kwenye keria, mtoto mapajani, kikapu mkononi, na mwavuli ameukunjua. Mwavuli ukishika upepo baiskeli inaelekea Kenya wakati wewe unaelekea sokoni. Halafu anamwona shangazi yake ng'ambo ya barabara, anageuka mwili mzima ili amsalimie. Wewe mbele huoni kitu, unasikia tu usukani umekuwa mwepesi na gurudumu la mbele linataka kuinuka. Mpeni mshindani abiria wa namna hiyo. Hamtahitaji kuandika hata mstari mmoja.

---

Dada_wa_Kamera

Nimefanya kazi ya kupiga picha za barabarani, acha niseme upande wa fedha na vifaa.

Maswali ya taa ndiyo rahisi kuliko yote. Chumba kimoja, kamera tatu, mvua haikuhusu. Ila lile giza linachekesha mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu. Kufikia kipindi cha tano mtazamaji anajua kila kitakachotokea.

Kijiwe nacho ni nafuu, lakini kinasimama au kuanguka kwa mwandishi. Mazungumzo yakilegea, mwembe hautakuokoa.

Mbio ni ghali. Unataka gari la kamera, mafuta, ruhusa ya kupiga picha barabarani, watu wa huduma ya kwanza, mahali pa kulala timu nzima. Malori ya barabara ya Jinja unayajua. Na kuna shida ambayo watu huigundua wakishafika kwenye uhariri: upepo. Maiki ndogo ukiivika mtu anayeshuka mlima kwa baiskeli, unarudi na saa nne za "fuuuu". Utani wote umeliwa.

---

Mtoto_wa_Kisenyi

Mimi naleta la nne. Chukueni mashindano ya kweli, yatafsiriwe na vijey, yule msimulizi anayetafsiri sinema za kigeni kwa utani vibandani. Septemba 2025 mbio za baiskeli za ubingwa wa dunia zilipofika Kigali, mara ya kwanza kabisa Afrika, wanaume walizunguka kilomita 267.5 kwenye vile vilima na Pogačar wa Slovenia akashinda. Niliangalia na rafiki zangu sauti imezimwa, mmoja wetu akitangaza kivijey: huyu amekimbia deni la duka, yule wa nyuma ndiye mwenye duka. Tulilia kwa kucheka.

---

Dada_wa_Kamera

@Mtoto_wa_Kisenyi picha za mashindano zina wenyewe, na haki zake hamtaziweza kwa bajeti ya kipindi kipya. Lakini umenifungua macho. Vijey awekwe juu ya mbio za mizigo! Sauti ya barabarani ikiharibika, hatuihitaji sana. Yeye anakaa studio baadaye, anasimulia, anawasemea washindani, anawasemea hata kuku. Shida yangu ya upepo imepungua nusu.

---

Mama_Mbarara

Naomba nisikilizwe kidogo kabla hamjaenda mbali.

Kaka yangu anasafirisha matoke kwa baiskeli. Anaanza kufunga saa kumi za usiku. Mkungu mmoja kushoto, mmoja kulia, vikonyo vimeelekezwa nyuma, kisha mingine inalazwa juu ya keria na kufungwa kwa kamba za mpira wa tyubu kuukuu. Kabla ya kuondoka anaitikisa baiskeli nzima kwa nyonga, anasikiliza. Ikilia mahali, anafungua na kufunga upya. Mlimani hapandi, anasukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umekumbatia mzigo. Kwenye mteremko, breki zikikataa anaminya tairi kwa soli ya kandambili.

Sasa, nikiwasha televisheni nikaona watu wanamcheka mtu kama huyu kwa sababu anatoka jasho, nitazima. Ile ni akili na ufundi, na ndiyo iliyotusomesha sisi wadogo zake watatu. Acheni tuwacheke wanamuziki na watangazaji wanaojaribu kufanya anachofanya kaka yangu, wakati yeye amesimama pembeni kama mwalimu. Hapo mtacheka na mtu, na mkungu utaheshimiwa.

---

Keria_ya_Busia

Mama, umesema yote. Mchukuzi awe mwamuzi. Mtu maarufu akifunga vibaya, mchukuzi anatikisa mara moja tu kwa nyonga, mkungu chini.

---

Fundi_Spoku

Mimi ni fundi, Soroti, na nitasimama na kijiwe hata nikibaki peke yangu. Hamjui mnachokiacha.

Mtu akikuletea baiskeli anasema "angalia tu upepo". Unazamisha tyubu kwenye karai, viputo vinatoka sehemu nne, na wakati unakwangua mpira upake gundi, yeye anaanza kueleza. Kwa nini amepitia njia ya miiba? Kwa sababu barabara kuu anaishi mtu anayemdai. Gundi inataka dakika kadhaa ikauke, na hizo dakika ni za maneno. Unanyoosha rimu kwa kugonga spoku moja moja kama nyuzi za kinanda, iliyolegea inajitaja yenyewe kwa sauti, na wakati huo watu watano wamekwisha kaa kwenye benchi kutoa hukumu. Hayo maisha ninayaona kila siku, na hayahitaji mafuta ya gari.

Ila mkifanya, mwigizaji wenu ajifunze kushika spana kwanza. Mwezi mzima. Mafundi wote wa nchi hii watakuwa wanamwangalia mikono.

---

Mwalimu_Bombo

Jambo la lugha halijaguswa, na kwangu ndilo kubwa. Kiswahili cha Bombo kina ladha ya Kinubi, cha Busia kinaongea na Kenya, cha Mutukula kinaongea na Bukoba, na cha Kampala wengi wamekiokota njiani. Njia aliyoichora @Pedeli_Jinja inapita karibu Viswahili vyote hivyo. Kila kituo mpeni mwenyeji aongee cha kwake, msimsahihishe.

Na utani uko tayari. Kwa Kiganda baiskeli ni *eggaali*. Mganda anayejifunza Kiswahili anapata pancha karibu na Mutukula, anampigia rafiki yake wa Tanzania: "Gari langu limekufa, njoo!" Rafiki anakuja na jeki, kamba ya kuvutia na dumu la petroli. Darasani wanafunzi wangu hawasahau tena neno baiskeli baada ya hadithi hiyo.

---

Pedeli_Jinja

Asanteni sana, mmenisaidia kuliko nilivyotegemea. Wenzangu wamesoma yote. Tumeamua: mbio za mizigo, wachukuzi ndio walimu na waamuzi, watu maarufu ndio wanafunzi, na vijey anasimulia kwa Kiswahili. Maswali ya taa tumeyaweka kando.

@Fundi_Spoku, kijiwe hatukiachi chote. Kila siku ya mbio itaishia kwa fundi, baiskeli zikikaguliwa mbele ya benchi, na pale sauti itakuwa ya watu wenyewe bila vijey. Ukikubali kutufundishia mtu kushika spana, tutamleta.

@Mama_Mbarara, kanuni ya kwanza kwenye karatasi tutakayopeleka ni yako, kwa maneno yako.

---

Fundi_Spoku

Mleteni. Aje na nguo za kuchafuka. Bado nasema kijiwe peke yake kingetosha.

---

Mama_Mbarara

Nimemsomea kaka yangu kwa simu. Anauliza mikungu ya mazoezi ataitoa nani, na anasema mwanafunzi wake wa kwanza aanze na miwili tu, barabara tambarare.

---

Keria_ya_Busia

Jumamosi niko Jinja. Nakuja na baiskeli yangu na ule mto wa keria niliomshonea abiria. Tafuteni mwavuli.