Kikundi cha ukoo: mshipa wa Mzee

JUMAPILI

Halima: Assalamu alaykum jamani. Tumetoka kwa daktari sasa hivi, mimi na Mzee. Siti skani imethibitisha walichokiona Tororo. Mshipa mkuu wa damu, ule unaoshuka tumboni mbele ya uti wa mgongo, umetuna chini kidogo ya figo. Sentimita 5.8. Kwa kawaida huwa kama 2.

Shangazi Zubeda: Wa alaykum salaam mwanangu. Ya Rabi! Na mwenyewe alikwenda kupimwa tezi dume tu, hata haumwi tumbo.

Halima: Ndivyo ulivyo, Shangazi. Mara nyingi hauumi. Unatanuka polepole mpaka siku unapasuka, na ukipasuka wengi hawafiki hospitali. Ndio uliomuua Einstein, mwaka 1955. Mwaka 1948 madaktari walikuwa wameuzungushia selofeni, maana wakati huo hawakuwa na kingine.

Musa Malaba: Sasa wanasubiri nini? Wampasue kesho!

Halima: Kaka, tulia. Kwa wanaume ukiwa chini ya 5.5 huwa wanaupima tu, kwa sababu hatari ya upasuaji inazidi ya kuuacha. Mzee ameshavuka, ndiyo maana wanataka kutibu. Njia ni mbili. Ya zamani ni kupasua tumbo kuanzia chini ya kifua mpaka chini ya kitovu, kubana mshipa na kushona bomba la kitambaa humo ndani. Ya pili wanapitia kwenye kinena, vidonda vidogo viwili basi.

Baba Mdogo Juma: Kinena na tumbo vinakutana wapi tena?

Halima: Baba Mdogo, ule mshipa ukifika usawa wa kitovu unagawanyika, tawi mguu huu na tawi mguu huu. Daktari anaingilia kwenye mshipa wa paja, anapandisha waya huku anatazama eksirei kwenye skrini. Juu ya waya anapitisha bomba la kitambaa lenye wavu wa chuma, limebanwa jembamba kabisa. Likifika mahali pake analifungua, linajishikiza kwenye sehemu nzima juu ya uvimbe na chini yake. Damu inapita ndani ya bomba, ukuta uliochoka haupigwi tena na presha. Lina umbo la suruali. Mguu mmoja wa suruali unakuja nalo, wa pili wanauingiza kutoka paja la pili na kuuunganisha humo humo ndani.

Shangazi Zubeda: Allahu Akbar.

Musa Malaba: Isije ikawa kitu cha majaribio.

Halima: Siyo. Juan Parodi alimtibu mgonjwa hivyo Buenos Aires, Argentina, Septemba 1990. Ni zaidi ya miaka 30.

Shangazi Zubeda: Basi ya tundu dogo. Tumemaliza, tuchange.

Halima: Shangazi, hapo ndipo naomba tusikilizane kabla ya mtu kutuma hela. Waingereza waliwafuatilia wagonjwa wa njia zote mbili. Katika mwezi wa kwanza, waliopasuliwa tumbo walifariki kama 4 au 5 katika 100, wa bomba chini ya 2. Lakini baada ya miaka minane mambo yakageuka, wa bomba ndio wakawa wanafariki zaidi. Bomba linaweza kuteleza, au damu ikavuja pembeni yake na kurudi kwenye uvimbe, na uvimbe ukapasuka mtu akidhani amepona. Kwa hiyo anapimwa baada ya mwezi, kisha kila mwaka, maisha yake yote. Kila mwaka! Kama tutamleta mara mbili halafu tuchoke, bora asiwekewe.

Musa Malaba: Hilo ni kweli. Mama tulimfanyia hivyo hivyo na kliniki ya presha. Bado linaniuma.

Baba Mdogo Juma: Kwa nini basi asipasuliwe mara moja yakaisha?

Halima: Mapafu, Baba Mdogo. Sigara za miaka yote ya lori. Daktari wa usingizi amempima pumzi, hapendi kabisa kumfungua tumbo. Mshipa wenyewe nao unafaa kwa bomba: chini ya figo kuna sentimita 2 nzima za kushikiza. Wengine hawana, bomba la kawaida halikai.

Halima: Mzee amesikiliza yote hapa. Anasema niandike maneno yake kama alivyoyasema: "Nimeendesha Mombasa hadi Kigali miaka 31. Gari ukilitia spea unalikagua. Mnipeleke na huko kwenye kukaguliwa."

Shangazi Zubeda: Kaka yangu jamani 😭

Musa Malaba: Mimi nachukua safari zote za kila mwaka. Nauli, kipimo, kulala Kampala, juu yangu. Andika hapo tarehe ya kwanza na mniulize.

Halima: Allah akulipe, Kaka. Jambo lingine, na hili ni lako Baba Mdogo. Ugonjwa huu unafuata damu, ndugu wa tumbo moja wako hatarini kuliko watu wengine. Wewe una miaka 66 na bado unavuta. Uingereza wanamwita kila mwanamume akifika 65, hata kama hana ndugu mgonjwa. Ni ultrasaundi ya tumbo, dakika chache, haiumi. Nenda asubuhi bila kula.

Baba Mdogo Juma: Nitaona.

Shangazi Zubeda: Juma. Utaona nini?

JUMATANO, SAA 2:40 ASUBUHI

Baba Mdogo Juma: Nipo Tororo, nimekaa kwenye benchi. Sijala tangu jana magharibi. Mbele yangu wamebaki watatu.

Halima: Ukitoka nipigie, kabla hata ya chai.