Shofere analala ku volani, kaye yake ya masaa inasema alipumzika: nani ajibu?

Mwenye mada (Kampemba)
Bandugu, tuongee hii mambo ya kamio za shaba na masaa ya kuendesha, juu kila mara kamio ikipinduka huku kwetu Kongo, kati ya Kolwezi na mupaka wa Kasumbalesa, jibu inakuwaka moja tu, shofere alilala. Akiwa muzima banamutia buloko, akiwa amekufa dosye inafungwa pamoja naye. Mimi minasema vile haitoshi. Ule mwenye alipanga siku ya kufika, mwenye alipokea kaye ya uongo na kutia sahihi yake juu, ye pia asimame mbele ya juji.

Kwa benye habajui: sosiete zingine zenye kubebea migodi zinamupatia shofere kaye (daftari) ya masaa, aandike alianza saa ngapi, alisimama wapi, alilala kiasi gani. Sheria ya kazi ya inchi yetu ya 2002 inasema masaa 9 kwa siku na 45 kwa juma. Sasa piga hesabu ya njia. Lubumbashi mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 2000, unapita Kasumbalesa, Kitwe, Kapiri Mposhi, Nakonde, unaingia Tunduma, Mbeya, unateremuka Iringa, Morogoro, na shofere analipwa kwa safari. Foleni ya mupaka ikimukulia siku, zile siku hakuna mwenye kumulipa, basi anazitafuta usiku mu barabara, na kaye lazima ionyeshe kama alilala. Njo anaandika "repo" (kupumzika) ku saa yenye alikuwa anaendesha, ao anajaza kurasa zote mara moja mbele ya kufika ku geti ya mugodi, kalamu moja, mwandiko mumoja, hata mutoto anaona, ao konvoyeri (musaidizi wa shofere) bila permi njo alishika volani na jina yenye kuandikwa iko ya shofere.

Usingizi si mambo ya moyo mugumu ao uvivu. Watafiti wa Australia balipima mu 1997: mutu akikaa macho masaa 17, akili na mikono vinachelewa sawa na mwenye gramu 0.5 ya pombe mu litre ya damu, akifikisha 24 inakuwa kama gramu 1. Ku kilomita 80 kwa saa, akifumba macho sekunde 4 kamio imekwenda karibu mita 90 bila mutu. Na hizi kamio hazibebe mikate. Tarehe 20 Februari 2019, ku Kabwe mu Lualaba, kamio ya asidi iligongana na magari mengine, asidi ikamwagika, batu karibu 20 bakafa. Mizigo ya vile inapita kila siku mbele ya masoko na mashule yetu.

Tazameni sheria ya azabu. Kuua mutu bila kukusudia, artikle 53, ni miezi 3 mpaka miaka 2. Kuandika uongo mu karatasi kwa nia ya kudanganya, artikle 124, ni miezi 6 mpaka miaka 5. Na artikle 21 inamuhesabu kuwa mutenda hata ule mwenye kumusukuma mwenzake kwa zawadi, ahadi, vitisho ao kwa nguvu ya ukubwa wake. Patro (mwenye kamio) mwenye kumuambia shofere "tengeneza kaye vizuri mbele ya kufika" eko ndani ya ile artikle muzima muzima. Sheria tuko nayo. Minauliza juu ya nini parke (biro ya mushitaki wa serikali) haimuite.

Wa Katuba
Mi sikubali. Shofere ni mutu muzima, permi iko na jina yake, volani iko mu mikono yake. Ukisikia usingizi simama, kwisha. Tukianza kusema patro, patro, kesho kila mwenye kugonga mutoto wa mutu atajificha nyuma ya patro. Na tena bale banakaa ku Kasumbalesa siku na siku ndani ya kamio, banafanya nini kule kama si kulala?

Dereva (niko Tunduma)
Ndugu wa Katuba, wewe hujawahi kulala foleni. Foleni inasogea saa nane usiku, usiposogea mwenzako anachomeka, halafu unalinda dizeli kwenye tenki na mabamba ya shaba huko nyuma, ukipitiwa kidogo turubai limeshachanwa na mzigo ukipungua unakatwa wewe. Unavuka mpaka ukiwa umechoka kuliko ulivyofika. Na hilo la kusimama, nisimame wapi? Ukipaki gizani peke yako kati ya Likasi na Lubumbashi ni kujipeleka kwa wezi. Bosi anapiga simu, mwenzako ameshashusha, wewe uko wapi. Kuandika uongo najua ni kosa, sijifichi. Lakini nikiandika ukweli safari ijayo gari anapewa mtu mwingine na mimi nakaa kijiweni na watoto wanataka ada. Hakuna aliyenishikia bunduki, ila njaa nayo inashika.

Mama wa Ruashi
Mi niko mujane wa shofere. Gari ya bwana yangu ilitoka barabarani asubuhi mbele ya jua kutoka. Tulipokwenda kuuliza haki yetu mu biro ya sosiete, kitu ya kwanza balitoa ni kaye. Banasema mama soma, bwana yako aliandika mwenyewe alilala masaa 8, basi hakuwa amechoka, ni uzembe wake. Mwandiko ulikuwa wake, tungekana namna gani? Na mimi nilikuwa namusikia ku telefone ule usiku wote, saa tano, saa nane, saa kumi, kila mara motere inanguruma. Ile kaye balimulazimisha kuijaza, na siku alipokufa ikageuka kuwa shahidi wao. Sitaki mutu aniambie simama tu ulale, baba wa Katuba, naomba kwa heshima.

Wa Katuba
Pole sana mama. Sikuandika juu ya kukuumiza.

Niko na kamio tatu (Likasi)
Munaniongelea basi nijibu. Mugodi unanipa tarehe ya kufikisha, nikichelewa wanakata amandi (faini) ku fakturi. Banki inataka yake kila mwisho wa mwezi. Mu Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania juu ya mavutano ya bia na vinywaji, kamio zikasimama, mimi nani alinihesabia zile siku? Nikikataa tarehe, kuko mwingine nyuma yangu mwenye kuikubali. Munataka kunifunga mimi, na mwenye kuandika ile tarehe ku mugodi analala na klimatizeri.

Mwenye mada (Kampemba)
Patro wa Likasi, aksanti kwa kuja mwenyewe, bengi bananyamaza. Mugodi nao uitwe, nakubali. Lakini angalia kaye yako inafanya nini. Mugodi unapokea makaratasi yenye kuonyesha kila shofere alilala masaa 8 na kamio ilifika ku tarehe, basi unaamini ile tarehe inawezekana, na mukataba unaofuata unaandikwa na tarehe ile ile ao hata fupi zaidi. Uongo wa kaye njo unaifanya tarehe isiyowezekana ionekane sawa. Bashofere bakiandika kweli juma mbili tu, wewe uko na karatasi ya kupeleka ku mugodi na kusema tazama, hii njia inaomba siku ngapi.

Wa Katuba, hakuna mwenye kusema shofere aachwe huru. Ku Ulaya, reglema (kanuni) 561/2006 inaweka masaa 9 kwa siku, mara mbili kwa juma inaweza kufika 10, na dakika 45 za kupumzika kisha kila masaa manne na nusu. Shofere akivunja ile, analipa. Ila artikle 10 inasema sosiete pia inajibu kwa kosa la shofere wake, na inakataza kumulipa kwa kilomita ao kwa mbio kama malipo ya vile yanatia barabara mu hatari. Balielewa kitambo kama mushara njo unaendesha gari.

Mama wa Ruashi, usikubali ile kaye ikufunge kinywa. Code sivile, artikle 260 ya kitabu cha tatu, inasema patro anajibu kwa mubaya wenye mufanyakazi wake alifanya akiwa ku kazi. Ile ni kwa batu bengine benye baliumizwa, na kwa haki yako mwenyewe kuko sheria ya kazi. Avoka (wakili) aombe tikiti za peaji (malipo ya barabara), tikiti iko na saa. Aombe muhuri wa mupaka, aombe jipiesi ya kamio. Kaye ikisema alilala Likasi saa tisa ya usiku na tikiti inasema alipita peaji saa ile ile, basi kuko mutu mu biro mwenye aliona vyote viwili na akanyamaza.

Mwanafunzi (komini Kenya)
Si waweke tu mashine ya kuandika masaa yenyewe mu kamio? Amerika kaye ya karatasi walishaiacha.

Mwenye mada (Kampemba)
Waliiacha mu Desemba 2017, ndiyo, na shofere wao haruhusiwi kuendesha kupita masaa 11. Lakini bengi kule banalipwa kwa maili mpaka leo, na mwenye kutaka kudanganya anaendelea kutafuta njia. Mashine isaidie, mimi siikatai. Ila ukiacha malipo ya safari vile yako, shofere atazunguka mashine sawa anavyozunguka kaye.

Wa Katuba
Sawa, patro aitwe. Nabaki na moja yangu: shofere mwenye kumuachia konvoyeri bila permi asimame peke yake, pale hakuna ukubwa wa mutu wenye kumusukuma.

Dereva (niko Tunduma)
Hapo niko na wewe, nimewaona. Lakini mnisaidie na hili kabla mjadala haujahamia kwingine. Peaji tunalipa kwenda na kurudi, Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi mpaka Kolwezi, na si pesa ndogo. Katika njia yote hiyo nani anajua paki hata moja yenye taa na mlinzi, ambapo nikiandika "nimelala" nitakuwa nimelala kweli?